Bordero ya magunia: karatasi inayozima ugomvi

Ndugu wakulima, ugomvi huu munaujua. Kahawa parchi inapakiwa kwenye boti huku Kalehe: magunia 40, kilo 2400. Inafika Bukavu, depo inapima, inapata kilo 2345. Kilo 55 zimeenda wapi? Ni karibu gunia zima! Watu wa boti wanaitwa wezi, mutunza stoki anasemwa nyuma ya mugongo, na wanachama wengine wanaanza kuuza kahawa yao pembeni.

Tumeona ugomvi wa namna hii katika ushirika mumoja tunaoufuata. Tulipofungua kaye, tulikuta mustari mumoja tu: magunia 40, kilo 2400. Kwa mustari huo, hakuna mutu anayeweza kujua kama ni wizi ao ni kitu kingine.

Dawa yake ni bordero, yaani karatasi inayosafiri na muzigo na kuonyesha gunia kwa gunia kitu kilichopakiwa. Kama ushirika una ordinatere, tunaitengeneza kwa Excel, ao kwa LibreOffice Calc ambayo hailipishwi.

Namna ya kuitengeneza

Juu ya tablo tuandike jina la ushirika, nambari ya bordero, tarehe, loti, unyevu wa kahawa, jina la musafirishaji na depo inayopokea. Bei hatuiandike: karatasi hii inapita katika mikono mingi njiani.

Kuanzia mustari wa 8 mpaka wa 47, kila gunia lina mustari wake. Kolone A ni nambari ya gunia, ile iliyoandikwa kwenye gunia lenyewe. Kolone B ni kilo za kupakia. Kolone C tunaiacha wazi: depo itaijaza kwa bike. Karatasi ikirudi, tunaingiza hizo kilo katika ordinatere, na kolone D inatoa tofauti: =B8-C8.

Kwenye mustari wa 48, ordinatere ya Kifaransa inajumlisha kwa =SOMME(B8:B47). Pembeni tuweke =NB(B8:B47), inayohesabu visanduku vyenye nambari.

Angalia mutego

Kwenye kolone B andika 60, usiandike «60 kg». Ukiongeza herufi, ordinatere inaona neno, si nambari, na SOMME inaliruka bila kukuambia kitu. Pia kwa Kifaransa tunaandika 60,5 na virgule, si 60.5. Kama magunia ni 40 na NB inasema 39, kuna kisanduku kilichoandikwa vibaya. Tafuta kwanza, ndipo uchapishe.

Tutoe karatasi tatu: moja ya musafirishaji, moja ya depo, na moja inayorudi na sinyatire kukaa katika faili letu. Ile ya mufano isiguswe. Kila safari tuisajili kwa jina jipya. Siku umeme hauko, tujaze kwa mukono zile zilizochapishwa wazi.

Kilo 55 zinasema nini?

Sasa turudi kwenye boti. Kama gunia moja limeibiwa, mustari mumoja utabaki mutupu. Kama gunia limefunguliwa njiani, mustari wake utapunguka sana kuliko mingine. Lakini kama kila gunia limepunguka kilo moja na kitu, tuangalie unyevu kwanza. Kahawa ya kilo 2400 yenye unyevu wa 14 kwa mia, ikikauka mpaka 12, inabaki karibu kilo 2345. Ni maji yametoka, hakuna mutu ameiba. Ndiyo maana tupime unyevu pande zote mbili, na magunia yapimwe namna moja huku na kule.

Tukiwa na bordero, hatumuite mutu mwizi bila ushahidi, na mwizi naye hatajificha nyuma ya maji. Tuanze na safari inayokuja, kisha tuisome pamoja mbele ya wanachama wote.