UNAUZA SUNGURA MTANDAONI? ANGALIA KWANZA ANALALIA NINI

Leo tunaongea na wale wanaouza sungura wa kufuga kupitia WhatsApp na Facebook, hasa wa kwetu Sumbawanga, Laela, Namanyere na vijiji vyote vya huku juu Ufipa. Wengi tunajua kupiga picha nzuri na kutaja bei. Matandazo tunayachukulia kama takataka tu za kuzuia mkojo. Hapo ndipo hela inapopotelea.

Nianze na la kwangu. Mwezi wa saba mmoja nilipata mteja Tunduma, anataka sungura wanne wa watoto wake. Nikakimbia kwa fundi seremala, nikajaza kiroba cha vumbi la mbao, nikalitandika kwenye boksi na mzigo ukapanda basi. Niliona ni safi kabisa, laini, linanyonya. Sungura walifika wanapiga chafya, macho yanatoka machozi. Siku ya tatu mmoja akafa. Mteja akarusha picha kwenye kundi la wafugaji lenye watu wengi, na jina langu juu. Nilirudisha hela ya wote wanne, 60,000. Hiyo sio iliyouma. Iliyouma ni kwamba miezi miwili iliyofuata kila nikiposti, kuna mtu anauliza, "Hawa nao wana mafua?"

KWA NINI MATANDAZO NI BIASHARA

Matandazo yana kazi tatu: kunyonya mkojo, kuzuia baridi, na kulinda nyayo. Mkojo wa sungura ukikaa unatoa hewa kali ya amonia, ile inayochoma pua. Wewe unaingia bandani dakika mbili unatoka, yeye pua yake iko sentimita chache kutoka sakafuni usiku kucha. Hewa hiyo inaumiza njia ya hewa, halafu vijidudu vya mafua na nimonia vinapata mlango.

Baridi nayo huku sio ya mchezo. Sumbawanga mjini iko kwenye mita kama 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba upepo wa usiku unajulikana. Sungura mkubwa mwenye manyoya anavumilia baridi vizuri, tena kuliko joto. Kinachomuua ni baridi pamoja na unyevu na upepo. Akiwa mkavu yuko salama, akilala kwenye majimaji umempoteza.

Tatu ni nyayo. Sungura hana zile nyama laini alizonazo paka chini ya mguu, ana manyoya tu. Akikaa kwenye wavu mtupu au sakafu ngumu yenye mkojo, manyoya yanaisha na vidonda vinatokea visiginoni. Mteja mjanja siku hizi anakwambia, "Mgeuze nione miguu." Ukiwa na vidonda pale, bei inashuka hapo hapo.

TULICHONACHO HUKU KWETU

1. Nyasi kavu. ✅ Hii ndiyo namba moja. Analalia, anakula, anachimbachimba, na hata akimeza haina shida. Kata baada ya mvua kuisha, kuanzia mwezi wa tano hivi, anika juani siku kadhaa ukigeuza mpaka zivunjike ukizikunja. Usikate pembeni mwa shamba lililopigwa dawa ya magugu, wala pale mbwa wanapopita.

2. Mabua ya ngano. ✅ Wanaolima ngano wanayaacha shambani baada ya kupura. Yana uwazi ndani, kwa hiyo yanashika joto vizuri sana. Kunyonya mkojo ni wastani, ndiyo maana yanafaa kuwa juu, chini uweke kitu kingine. Ondoa zile ndevu za ngano kwanza, zinachoma macho.

3. Maranda ya mbao. ✅ kwa masharti. Nasema maranda, yale mapande yanayotoka kwenye randa, sio vumbi la msumeno. Mbao nyingi mjini ni msindano, na msindano mbichi una utomvu wenye harufu kali. Harufu hiyo sungura akiivuta muda mrefu inalipa ini lake kazi ya ziada. Anika maranda juani mpaka harufu iishe kabisa, yaweke chini, juu tandika nyasi. Mtarakwa acha kabisa hata kama umekauka. Na muulize fundi: "Hizi mbao zilipakwa dawa ya mchwa?" Kama ndiyo, au ni maranda ya plaiwudi na mbao za gundi, mwachie.

4. Pumba ngumu za mpunga. ⚠️ Kutoka bonde la Rukwa zinapatikana kwa wingi, na wafugaji wa kuku wanazitumia. Kwa sungura hazinyonyi vizuri na zina vumbi. Ukikosa kingine, zipepete na uziweke chini tu, juu nyasi.

5. Magazeti na maboksi. ✅ Ya chini kabisa, kunyonya. Karatasi ya kung'aa yenye rangi hapana, na toa gundi ya utepe na pini. Sungura anatafuna kila kitu.

VYA KUKATAA HATA UKIPEWA BURE

❌ Vumbi la mbao. Mimi limeshanifundisha.

❌ Maganda ya mahindi, ya karanga au nyasi zilizoota ukungu. Tusisahau mwaka 2016, watu walifariki Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Ukungu wa aina hiyo hauchagui, na sungura anakula anachokilalia. Ukiona weusi, ukijani au ukisikia harufu ya uvundo, choma. Usijidanganye kwamba utaanika urudi.

❌ Pamba na matambara ya nailoni. Nyuzi zinajifunga kwenye miguu ya vitoto, au wanazimeza zikaziba utumbo.

❌ Mabua yaliyokaa ghalani na mahindi yaliyowekwa dawa, au mahali panya wanapokojoa.

JINSI YA KUTANDIKA

Chini karatasi au maranda, unene wa vidole vitatu. Juu nyasi kavu au mabua ya ngano, unene wa kiganja kilichosimama. Kipindi cha baridi ongeza. Sungura ana tabia ya kukojoa kona moja, kwa hiyo kila asubuhi toa ile kona tu, weka kavu. Kila wiki toa yote. Ule ukoko mweupe wa mkojo unalainika kwa siki, mwagia, subiri, sugua, kausha. Matandazo machafu yenye unyevu ndiyo yanayokuza koksidia, na vitoto vilivyotoka kuachishwa ziwa ndivyo vinavyoondoka haraka kwa ugonjwa huo.

Kipimo ni rahisi: piga magoti, weka pua usawa wa sungura. Macho yakikuwasha, umechelewa kubadilisha.

Jike mwenye mimba anazaa siku ya 30 hadi 32 hivi. Siku ya 28 muwekee boksi la kuzalia lenye nyasi laini nyingi. Atajinyonyoa manyoya mwenyewe akamalizie kiota, usiyatoe. Vitoto vinazaliwa bila manyoya na macho yanafumbuka karibu siku ya 10, kwa hiyo siku hizo za mwanzo kiota kikavu ndilo koti lao pekee. Mwezi wa saba hapa Sumbawanga, boksi likilowa usiku mmoja unaweza ukaamka huna kitu.

UNAPOTUMA MZIGO

Kutoka hapa mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 200, na Mbeya bado mbele. Tumia boksi gumu au kizimba chenye matundu, chini boksi lililokatwa, juu nyasi kavu nyingi. Hizo nyasi ndizo atakazokula njiani. Usimjazie kabichi, ataharisha na kulowa tumbo. Usitie kwenye kiroba. Mwambie kondakta asiweke kwenye buti karibu na injini wala chini ya mizigo. Na kabla ya safari pita kwa afisa mifugo akuandikie kibali cha kusafirisha, usije ukakwamia kizuizini na mzigo wenye uhai.

SASA HELA IKO WAPI?

Kwanza, picha. Sungura mweupe juu ya nyasi kavu za dhahabu anauzika kuliko yule yule juu ya sakafu yenye madoa. Piga pia picha ya nyayo na ya pua. Andika: "Analalia nyasi kavu, banda linabadilishwa kila wiki." Sentensi hiyo inamtuliza mama anayemnunulia mtoto. Ila iwe kweli, maana atakuja kuona.

Pili, uza matandazo yenyewe. Mteja wa mjini hana pa kukata nyasi. Kata mwezi wa tano, kausha, hifadhi juu ya mbao mahali pakavu, funga kwenye viroba vidogo. Kila anayenunua sungura mpe kiroba cha kwanza bure, pamoja na maelezo mafupi ya kutandika. Cha pili atakutafuta mwenyewe, na masika ndiyo anakutafuta zaidi kwa sababu nyasi kavu hazipo. Hapo unakuwa na mteja wa kila mwezi badala ya mteja wa siku moja.

Tatu, yaliyochafuka usitupe. Wazee wetu wa Kifipa wamefukia nyasi kwenye matuta yale ya duara, intumba, tangu zamani, zinaoza ndani na kurutubisha shamba. Nyasi zenye kinyesi cha sungura ni bora zaidi. Wenye bustani za mboga wananunua.

Yule mteja wa Tunduma nilimtumia tena sungura wawili baadaye, safari hii kwenye nyasi kavu, bila kumdai. Walifika wakavu na wazima. Aliweka picha yao kwenye kundi lile lile. Tangu hapo lile swali la mafua sijaulizwa tena.

Wewe sungura wako wanalalia nini? Piga picha ya banda kama lilivyo, usisafishe kwanza, tuwekee hapa chini tushauriane. Na kama una jirani anayetumia vumbi la mbao, mtumie posti hii kabla hajapakia mzigo.