Kinanda cha Notre-Dame: Moto haukukiteketeza, ubishi haukukiepuka

MOTO ulipoangamiza paa la kanisa kuu la Notre-Dame jijini Paris, Ufaransa, mnamo Aprili 15, 2019, wengi walidhani kinanda chake kikuu kimegeuka majivu. Kumbe kilikuwa kimesimama pale pale, kimegubikwa na vumbi la madini ya risasi yaliyoezekea paa hilo.

Kinanda chenyewe si kile cha kubebwa kwapani. Kina mabomba takriban 8,000, na kila mchezaji anapobonyeza, kilango hufunguka chini ya bomba, upepo ukapenya na sauti ikatoka.

Fundi François Thierry alikiunda upya mwaka wa 1733, kisha François-Henri Clicquot akakipanua kati ya 1783 na 1788. Aristide Cavaillé-Coll alipokikamilisha mnamo 1868, kilikuwa na safu tano za vibonyezo na aina 86 za sauti. Hata hivyo, hakuyatupa mabomba yote ya watangulizi wake. Ndiyo maana baadhi ya yale yanayolia hadi leo ni makongwe kuliko Mapinduzi ya 1789.

Ubishi mkali ulizuka baadaye. Pierre Cochereau, aliyekuwa mchezaji wake kuanzia 1955 hadi kifo chake mwaka wa 1984, alitaka kinanda chepesi kuitikia vidole. Vijiti na nyuzi za kuvuta vilango vikaondolewa, umeme ukachukua nafasi yake, na tarumbeta za kulala zikaongezwa. Waliomhusudu Cavaillé-Coll walilalama kwamba kazi ya bingwa huyo imevurugwa. Mnamo 1992 hata kompyuta ikaunganishwa.

Baada ya moto, basi, swali likawa: kirejeshwe kwa sura ipi? Wahusika waliamua kibaki kilivyokuwa siku ya mkasa, kikiwa na aina 115 za sauti. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwani kurudi 1868 kungemaanisha kung'oa mabomba mazima yaliyonusurika, eti kwa sababu ni ya juzi.

Mabomba yalishushwa mwaka wa 2020, yakasafishwa na kurejeshwa. Kazi ya kuyalinganisha sauti ilifanywa usiku, kwa kuwa mchana nyundo za wajenzi zilihanikiza kote. Hatimaye, Desemba 7, 2024, Askofu Mkuu Laurent Ulrich alikiita kinanda hicho mara nane, nacho kikamwitikia kila mara.