Je, Wajua? Ghuba Iliyonyang'anywa Vinamasi Vyake

Je, wajua kwamba katika ghuba ya San Francisco, nchini Marekani, ambako maji matamu ya mito ya Sacramento na San Joaquin hukutana na bahari, takriban sehemu tisa katika kumi za vinamasi vilivyofunikwa na maji yalipojaa zilitoweka baada ya mwaka 1850? Wachimba dhahabu, walioporomosha vilima kwa mikondo ya maji yenye nguvu, walishusha tope hata kina cha ghuba kikapungua, mpaka hukumu ya mahakama ilipowazuia mwaka 1884. Wakulima, wenye majaruba ya chumvi na wajenzi nao wakajenga matuta na kufukia kando.

Dhulma hiyo imemfika hasa panya mdogo wa vinamasi hivyo, asiyepatikana penginepo duniani, ambaye wakati wa bamvua hupanda juu ya magugu asizame, ilhali palipo na matuta hana pa kukimbilia.

Wanawake watatu walianza kuitetea ghuba mwaka 1961, na kutokana na juhudi zao sheria ya kuzuia ufukiaji ikapitishwa mwaka 1965. Mwaka 2003 serikali ilinunua zaidi ya ekari 15,000 za majaruba, na baadhi ya matuta yamekwisha kubomolewa. Lakini ardhi iliyodidimia ndani ya matuta hayo haioti majani mpaka maji yaijaze tope tena.