KUFULI IMARA, MLANGO WAZI

Mwaka huu nimepewa kazi ya kuandika juu ya kompyuta. Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, maana ndiyo iliyonifunza.

Muhula wa kwanza nilienda saiba moja hapa Voi kuchapisha fomu ambayo kaka yangu alikuwa ametuma kutoka Mombasa. Nilifungua WhatsApp ya mama kwenye kompyuta ya pale, nikachapisha, nikalipa, nikatoka mbio kuwahi matatu. Sikuifunga. Jioni hiyo mtu nisiyemjua akamwandikia kaka kana kwamba yeye ni mama: "Mwanangu nimekwama, tuma elfu tatu kwa namba hii." Kaka akatuma. Kumbe hizo ndizo zilikuwa za kumalizia karo yangu! Mama hakunipiga wala hakunikaripia. Aliuza mboga sokoni wiki mbili bila kupumzika, na hilo liliniuma kuliko kiboko.

Lililonishangaza ni hili. Tangu Aprili 2016, WhatsApp imekuwa ikifunga mazungumzo kwa usimbaji. Yaani simu ya anayetuma hugeuza maneno yakawa herufi zisizosomeka, na ufunguo wa kuyarudisha uko kwa anayepokea tu. Hata seva iliyo katikati haioni ila vurugu. Sasa basi, mwizi alipitia wapi? Swali hilo lilininyima usingizi, nikaamua kufanya jaribio.

Mjomba alikuwa amenipa kompyuta kuukuu yenye Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Kununua Windows mpya kwetu ni ndoto ya mchana. Nikaitoa, nikaweka Linux, mfumo wa bure ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Finland, akiwa na miaka 21 tu. Rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja akanipa flashi yenye programu ya kuzungumzia iitwayo Pidgin, pamoja na kipande chake cha OTR, ambacho kazi yake ni kusimba ujumbe. Nikabofya. Wapi! Zote mbili zilikuwa za Windows.

Hapo ndipo nikajua Wine. Nilipomwambia mama kwamba nimeweka Wine kwenye kompyuta, aliniuliza kama nimeanza ulevi! La hasha, si divai. Wine ni mkalimani. Programu ya Windows ikitaka kufungua faili au kuchora dirisha, huomba kwa lugha ya Windows. Wine hulipokea ombi hilo, hulitafsiri, kisha huipa Linux. Hapa Voi Mtaita na Mluo huelewana kwa Kiswahili. Kwenye kompyuta yangu Windows na Linux zilielewana kwa Wine. Kazi ya kuitengeneza ilianza mwaka 1993, na toleo la 1.0 likatoka Juni 2008. Miaka kumi na mitano! Subira kweli huvuta heri.

Basi Pidgin ikafunguka. Rafiki yangu alikuwa kwao na kompyuta ya kakake, mimi kwetu, bando tukichanga. Tulijaribu mambo matatu.

Kwanza, je, ujumbe unafungwa kweli? Pidgin ina dirisha la ziada linaloonyesha yanayotumwa kwenye seva vile yalivyo. Nikaandika "Mama amefika Mwatate" kabla ya kuwasha OTR. Kwenye lile dirisha nikasoma: Mama amefika Mwatate. Nikawasha OTR, nikaandika maneno yale yale. Safari hii ukatoka mstari mrefu unaoanza na ?OTR: na baada ya hapo herufi na tarakimu zisizo na kichwa wala miguu. Rafiki yangu aliusoma sawasawa, lakini seva isingeambulia kitu. Nikapiga makofi peke yangu chumbani.

Pili, je, ninayezungumza naye ndiye? OTR ilisema mazungumzo yamefungwa ila mwenzangu hajathibitishwa. Kila ufunguo una alama yake, herufi na tarakimu 40. Nikampigia simu, akanisomea yake, nikalinganisha moja moja. Zikawa sawa. Kufunga mlango bila kujua uliyefungiwa naye ndani si usalama.

Tatu, je, ufunguo unakaa wapi? Hapa, wenzangu, nilibaki mdomo wazi. Nilifungua folda ya Wine nikaukuta ufunguo wa OTR katika faili la kawaida. Karibu yake kulikuwa na nywila yangu, imeandikwa wazi kama jina langu kwenye daftari, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeiambia Pidgin iikumbuke. Isitoshe, Wine ina diski iitwayo Z, na kwa kawaida diski hiyo ni kompyuta nzima. Programu ya Windows inayopita kwa Wine inaweza kusoma faili zangu zote ninazoweza kusoma mimi. Mkalimani si askari jela. Virusi vya Windows navyo vinaweza kumtumia.

Basi nikalipata jibu la swali langu. Yule mwizi wa saiba hakuvunja kufuli lolote. Usimbaji hulinda ujumbe ukiwa njiani. Mimi nilimwachia mlango wazi mwisho wa njia. Wakulima wa chini ya kilima cha Sagalla huzungushia mashamba ua wa mizinga ya nyuki ili kuwazuia ndovu. Ua huo ni mzuri sana, lakini ukiacha pengo moja, ndovu hana haja ya kupigana na nyuki. Atapita kwenye pengo.

Kwa hivyo nawasihi. Ukitumia WhatsApp kwenye kompyuta ya mtu, ifunge kabla hujainuka, kisha uangalie kwenye simu orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Usikubali kompyuta isiyo yako ikumbuke nywila yako. Ukiombwa pesa kwa ujumbe, piga simu usikie sauti. Na usifungue kila programu ya flashi ati kwa sababu una Linux.

Mnajua kilichonichekesha mwishoni? Pidgin ya Linux ipo, tena bure! Nilihangaika na mkalimani siku tatu na mwenyeji alikuwa mlangoni. Lakini sijuti. Kama nisingepita kwa Wine, nisingefungua ile folda.

Elfu tatu hazijarudi. Likizo hii nimekuwa nikimsaidia mama sokoni mpaka zitimie. Majuto ni mjukuu, nami nimekwisha kumlea wangu, ninyi msimzae.



Mwanafunzi, Kidato cha Tatu