Barbados na Jamaika: asili moja, maisha mawili

Kipato cha wastani cha mwananchi wa Barbados kinazidi kwa mbali kile cha Mjamaika, ilhali nchi zote mbili zimetoka katika utumwa uleule, mashamba yaleyale ya miwa na sheria zilezile za Uingereza. Jamaika ilipata uhuru 1962, Barbados 1966. Jamaika ndiyo yenye ardhi kubwa, watu wapatao milioni 2.8 na madini ya boksiti. Barbados ina kilomita za mraba 430 na wakazi wasiofika laki tatu. Kwa hiyo pengo hili halitokani na utajiri wa asili. Limetokana na maamuzi ya kiuchumi.

Tuanze na sarafu. Mtalii akilipa kwa dola ya Marekani dukani Bridgetown, muuzaji hana haja ya kuuliza bei ya siku: dola moja ni mbili za Barbados, hivyo tangu 1975. Mjini Kingston, maduka ya kubadilisha fedha huweka viwango vipya mara kwa mara. Dola ya Jamaika ilipoanza 1969 ilikuwa na thamani kubwa kuliko ya Marekani. Leo unahitaji takriban 160 kupata moja. Anayelipwa kwa sarafu hiyo na kununua unga wa ngano na mafuta yanayotoka nje ndiye aliyebeba hasara yote.

Barbados haikupata uthabiti huo bure. Mwaka 1991 akiba yake ya fedha za kigeni ilikaribia kwisha, na shinikizo la kushusha thamani ya sarafu likawa kubwa. Serikali ilikataa, ikakata mishahara ya watumishi wa umma kwa asilimia 8. Watu waliandamana. Hata hivyo, mwaka 1993 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia saini makubaliano ya kudhibiti mishahara na bei. Kila upande ulibeba sehemu yake ya maumivu, tena hadharani.

Jamaika ilichelewa kufika hapo. Katika miaka ya 1970 matumizi ya serikali yalipanda huku mafuta yakipaa bei, uchumi ukasinyaa, na madeni yakaendelea kurundikana kwa miongo kadhaa. Kufikia 2013 deni la taifa lilipita asilimia 140 ya pato la taifa. Hapo ndipo serikali, wafanyabiashara na wafanyakazi walipoketi meza moja, wakaunda kamati ya pamoja ya kufuatilia ahadi za bajeti. Chama tawala kilibadilika 2016, nidhamu ikabaki. Kufikia 2024 deni lilikuwa chini ya asilimia 75, na ukosefu wa ajira ulikuwa umeshuka kuliko wakati wowote kabla ya hapo.

Barbados nayo ililegea. Mwaka 2018 serikali mpya ya Mia Mottley ilisitisha malipo ya madeni ya nje, kwani deni lilikuwa limezidi asilimia 150 ya pato la taifa. Hadi leo maisha huko ni ghali: sehemu kubwa ya chakula huagizwa kutoka nje.

Usalama nao ni gharama ya biashara. Kwa miaka mingi Jamaika ilipoteza zaidi ya watu 1,000 kila mwaka kwa mauaji, na mwenye duka akalipia mlinzi na nondo kabla hajalipia bidhaa. Mwaka 2025 idadi ilishuka chini ya 700, hatua kubwa mno.

Oktoba mwaka huohuo kimbunga Melissa kiliipiga Jamaika. Nchi ilikuwa na hatifungani ya majanga (dhamana inayofanya kazi kama bima) iliyolipa dola milioni 150 za Marekani, matunda ya kupanga mapema. Fedha hizo hazitoshi kujenga upya magharibi ya kisiwa, na kishawishi cha kukopa ovyo kitakuwa kikubwa. Jamaika ikilinda makubaliano yake ya 2013 wakati huu mgumu, mshahara wa Mjamaika utaanza kununua kinacholingana na jasho lake.