Koltani: sababu gani mifuko miwili ya kilo sawa inapata bei mbili?

Kutoka Rubaya hadi Manono, mchimbaji anaweza kuleta mifuko miwili ya koltani, kila mmoja kilo 50, halafu mnunuzi anataja bei mbili. Wengi wanasema: tumeibiwa. Wizi unaweza kuwepo, lakini kuna sababu ingine, na iko ndani ya jiwe lenyewe.

Ndani ya koltani kuna metali mbili: niobi na tantali. Wanunuzi wa koltani wanatafuta zaidi tantali, juu inatumika kutengeneza vile vipande vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Kwa hiyo hawalipi uzito tu. Wanalipa asilimia ya tantali.

Sasa, namna gani metali hizi zinakutana kila mara katika jiwe moja? Jibu liko kwenye tablo ya Mendeleev, ile wanafunzi wanaona shuleni. Niobi ni namba 41. Tantali ni namba 73, chini yake kabisa, katika safu moja. Kawaida, ukishuka kwenye safu, atomu inakuwa kubwa, kwani inaongeza tabaka la elektroni. Lakini kabla ya kufika kwa tantali unapita kundi la lantanidi, kuanzia namba 57 hadi 71. Elektroni zinazoongezeka pale hazizuii vizuri mvuto wa kiini. Kiini kinavuta kwa nguvu, atomu inanywea. Mwishowe atomu ya tantali inabaki karibu sawa na ya niobi kwa ukubwa, na tabia zao zinafanana. Ndiyo maana moja inachukua nafasi ya mwenzake ndani ya jiwe bila shida.

Hata wataalamu walichanganyikiwa. Niobi ilitambuliwa mwaka 1801, tantali mwaka 1802, lakini mwaka 1809 Mwingereza William Wollaston alisema ni kitu kimoja. Ni mwaka 1844 ndipo Mjerumani Heinrich Rose alionyesha kwamba ni mbili.

Tofauti kubwa iko kwenye uzito. Atomu zinalingana ukubwa, lakini ya tantali ina uzito karibu mara mbili. Sentimita moja ya ujazo ya niobi ina gramu 8.6 hivi, ya tantali, gramu 16.6. Basi kopo lililojaa koltani yenye tantali nyingi linakuwa zito zaidi.

Lakini mkono peke yake unadanganya. Kasiteriti, jiwe la bati, nalo ni zito, na mara nyingi linachanganyika na koltani. Asilimia ya kweli inatoka kwenye mashine ya mionzi ya eksi ao maabara.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali bei, mchimbaji aulize mambo matatu: asilimia ya tantali ni ngapi? Imepimwa na mashine gani? Na je, mfuko ulichanganywa vizuri kabla ya kuchota kile kidogo cha kupima? Kiganja kimoja kilichotoka juu ya mfuko hakiwezi kusemea kilo 50.