Nguvu ya Injini na Sheria ya Hewa Safi

Askari aliyewahi kusimama kwenye ukaguzi wa silaha anafahamu kwamba mkaguzi hatazami usafi wa bunduki peke yake. Huitazama pia nambari iliyochorwa kwenye chuma na kuilinganisha na ile iliyoandikwa katika daftari la ghala. Bunduki ing'aayo kama kioo, ambayo nambari yake haimo daftarini, humtia mwenyewe mashakani kuliko ile iliyoshika vumbi. Katika Jimbo la California, nchini Marekani, magari nayo hukaguliwa kwa mtindo wa namna hiyo tangu tarehe 19 Julai 2021, na walioguswa zaidi ni wapenzi wa magari ya kasi ambao wamezoea kubadilisha kompyuta za injini zao ili wapate nguvu zaidi.

Je, sheria hiyo inakataza nguvu? La, haikatazi. Inachokataza ni uchafu, na zaidi ya hapo inadai ushahidi.

Yafaa kwanza tueleze jinsi jambo hili lilivyoanza. Mji wa Los Angeles umekaa kati ya bahari na milima, na hewa yake mara nyingi hutuama badala ya kupeperushwa. Katika miaka ya 1940 wakazi walianza kusumbuliwa na ukungu mchafu uliowachoma macho na kuwakaba koo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Arie Haagen-Smit, mtaalamu wa kemia aliyezaliwa Uholanzi, alionyesha kwamba mvuke wa petroli na oksidi za naitrojeni zitokazo katika magari na viwanda hupikwa na mwanga wa jua hewani, zikazaa ozoni, gesi inayodhuru mapafu. Mwaka 1967 California iliunda Halmashauri ya Rasilimali za Hewa, na bwana huyo akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Kisha ikaja Sheria ya Hewa Safi ya nchi nzima ya mwaka 1970 ambayo, pamoja na marekebisho yake ya baadaye, inamkataza mtu yeyote kuondoa au kulemaza chombo kilichowekwa na kiwanda ili kupunguza moshi wa gari.

Kazi ya kompyuta ya injini

Zamani kabureta ndiyo iliyochanganya petroli na hewa. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta. Ili petroli iungue yote, kila gramu moja inahitaji takribani gramu 14.7 za hewa. Ndani ya ekzosi kuna sensa ya oksijeni inayoonja moshi na kuipelekea kompyuta habari mara nyingi kwa sekunde, nayo kompyuta huongeza au hupunguza petroli kadiri inavyotakiwa. Usahihi huo una sababu. Mbele ya sensa yamo masega, yaani kile chombo chenye vitundu vingi vilivyopakwa madini ya thamani kama platinamu na rodiamu, ambacho hugeuza gesi za sumu kuwa gesi zisizo na madhara hayo. Masega hayafanyi kazi yake ipasavyo isipokuwa mchanganyiko uwe karibu sana na kipimo hicho. Volvo ndiyo iliyotangulia kuuza magari yenye sensa na masega ya aina hiyo pamoja, katika soko la California, kwa magari ya mwaka wa 1977.

Fundi anayetaka kuongeza nguvu huandika upya majedwali yaliyomo katika kumbukumbu ya kompyuta. Kwa gari lenye tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa ndani ya silinda, yeye huongeza shinikizo la hewa hiyo, huongeza petroli ya kulingana nayo, na huusogeza wakati wa plagi kutoa cheche. Hewa ikiwa nyingi na petroli ikiwa nyingi, mlipuko nao huwa mkubwa, na gari huruka mithili ya swala aliyeshtuliwa.

Lakini kila jambo lina mpaka wake. Shinikizo likizidi, petroli hulipuka kabla ya wakati wake na injini huanza kugonga. Petroli ya daraja la juu katika vituo vya California kwa kawaida ni ya okteni 91, wakati majimbo mengine mengi huuza ya okteni 93. Kwa hiyo majedwali yaliyoandikwa kwa petroli ya majimbo hayo yanaweza kutoboa pistoni za gari la California. Tena petroli ikimiminwa kupita kiasi, ile isiyoungua huenda kuunguzwa ndani ya masega, joto likapanda mno, na masega yakayeyuka.

Hapo ndipo fundi mwaminifu na fundi mdanganyifu wanapoachana njia. Mwaminifu huyaacha kama yalivyo majedwali ya mwendo wa kawaida, ambamo sensa na masega husaidiana. Hugusa tu yale ya injini inapokazwa, wala hazimi sensa yoyote. Mdanganyifu hung'oa masega ili moshi upite kwa wepesi, kisha huiamuru kompyuta isiwashe taa ya onyo, ili mwenye gari asijue na mkaguzi asione.

Usafi na ushahidi

Baadhi ya wasomaji watasema: basi yule mwaminifu hana la kuogopa. Wamekosea, na hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Kifungu cha 27156 cha sheria ya magari ya California kinakataza kifaa au badiliko lolote linalogusa mfumo wa moshi mpaka Halmashauri itoe hati ya idhini. Anayeomba hati huleta vipimo vya maabara, ambako gari huendeshwa juu ya magurudumu ya mtambo na moshi wake kupimwa. Ni lazima aonyeshe kwamba gari halikuvuka mipaka ya moshi iliyowekwa, na kwamba kompyuta bado inaweza kujikagua na kutoa onyo. Akifaulu hupewa hati yenye nambari inayoanza kwa herufi D, na kibandiko cha kuweka chini ya boneti.

Siku ya ukaguzi, mkaguzi huchomeka waya katika kompyuta ya gari na kuiuliza maswali mawili: programu yako ina jina gani, na nambari yako ya uthibitisho ni ipi? Nambari hiyo huhesabiwa na kompyuta yenyewe kutokana na programu iliyomo ndani yake. Tarakimu moja ikibadilishwa, jumla yote hubadilika. Ikiwa nambari hailingani na ile ya kiwanda wala na ile iliyoidhinishwa, gari hushindwa, hata kama moshi wake ni safi. Mwenyewe hana budi kurudisha programu halali kabla ya kupimwa tena. Akiirudisha alfajiri ili apimwe asubuhi, atanaswa vilevile, kwani kumbukumbu za kujikagua hufutika programu inapobadilishwa, na gari huhitaji kuendeshwa kwa muda kabla ya kompyuta kutamka kuwa iko tayari.

Huenda hukumu hiyo ikaonekana kali. Hata hivyo, jambo lililotokea mwaka 2015 linaonyesha kwamba neno la mtengenezaji halitoshi. Mwezi Septemba mwaka huo, kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilifichuliwa kuwa imeweka katika magari ya dizeli programu iliyotambua gari linapokuwa kwenye majaribio. Hapo lilitoa moshi wa halali. Likirudi barabarani lilitoa oksidi za naitrojeni hata mara 40 ya kiwango. Magari yaliyohusika yalikuwa kama milioni 11 duniani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walikuwa wamegundua dalili zake kwa kufunga vyombo vya kupimia ndani ya magari hayo na kuyaendesha katika barabara za kawaida. Mwaka 2017 kampuni ilikiri makosa mahakamani na kutozwa faini ya jinai ya dola bilioni 2.8. Njia ya mwongo ni fupi, ijapokuwa mwongo huyo ana maabara na wahandisi.

Kwa hiyo mpenzi wa gari la kasi huko California hashauriwi kuiacha tamaa yake, bali kuifuata kwa utaratibu. Kwanza atafute programu yenye hati, na ahakikishe kwamba hati hiyo inataja aina na mwaka wa gari lake. Pili, asiguse masega wala sensa. Tatu, aitunze programu ya kiwanda mahali salama. Akifanya hivyo, ataupata mwendo anaoutaka, na mtoto anayepumua kando ya barabara hataulipia kwa mapafu yake. Na askari wa barabarani atakapomsimamisha na kumtaka afungue boneti, ataifungua bila kutetemeka.